UZI: Madeni binafsi na kibali cha usalama cha serikali ya Marekani: ni nini hasa kinachopimwa?

Karani wa Fomu (mleta uzi):

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, pamoja na ninyi mlioko nyumbani ambao watoto wenu wanatafuta kazi huku, salamu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali moja linanijia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa jumuiya yetu. Kijana amepata uraia, amesoma, ameahidiwa kazi jeshini, wizarani au katika kampuni yenye mkataba na serikali, kisha anaambiwa kwamba nafasi hiyo inahitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kufikia siri za serikali. Anapofika sehemu ya 26, inayohusu fedha, kwenye SF-86, yaani fomu ya kuombea kibali hicho, anaiweka fomu pembeni na kunipigia simu kuuliza kama ni kweli kwamba mwenye madeni hapewi kibali. Kazi yangu katika kampuni moja huku Maryland ni kuwaandaa waajiriwa wapya kwa ajili ya upekuzi huo. Mimi si mwanasheria, ila mambo haya nayaona kwa karibu.

Hakuna kanuni inayotaja kiasi cha deni ambacho mtu akikivuka ananyimwa kibali. Anayedaiwa dola 60,000 anaweza kupewa, na anayedaiwa dola 6,000 akanyimwa. Waamuzi wanaongozwa na agizo liitwalo SEAD 4, lililoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017, lenye miongozo 13 iliyopewa herufi kuanzia A hadi M. Mwongozo F ndio unaohusu fedha, na ni miongoni mwa sababu zinazojitokeza mara nyingi zaidi watu wanaponyimwa kibali. Hoja yake ni kwamba mtu anayeshindwa kuishi kulingana na kipato chake, au asiyetimiza ahadi zake za malipo, huenda hana uwezo wa kujizuia au hapendi kufuata taratibu, na kwamba aliyebanwa na fedha anaweza kushawishika kutenda uhalifu ili ajinasue. Mwongozo huo humtaja asiyeweza kulipa, na humtaja kando asiyetaka kulipa ingawa uwezo anao. Kwa niliyoyaona, huyu wa pili ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. John Walker, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa na baa isiyolipa, aliingia ubalozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington mwishoni mwa miaka ya 1960 akauza siri za mawasiliano ya meli za kivita, na hakukamatwa hadi mwaka 1985. Mwaka huohuo wa 1985, Aldrich Ames wa CIA, akiwa amebanwa na talaka na madeni, aliwaendea Wasovieti na kulipwa dola 50,000 kwa kuanzia. Mpaka anakamatwa mwezi Februari 1994, alikuwa ameshanunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na alikuwa akienda kazini kwa gari la Jaguar. Agosti 1995 Rais Clinton alitia saini Agizo la Rais namba 12968, ambalo liliweka viwango vya pamoja vya upekuzi na kuzipa idara uwezo mpana zaidi wa kuangalia mambo ya fedha ya watumishi wenye vibali.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo vijana wengi hawaifahamu. Mwongozo F una upande wa pili, unaotaja mambo yanayopunguza uzito wa deni. Unaangalia kama tatizo ni la zamani au lilitokea katika mazingira ambayo si rahisi kujirudia. Unaangalia kama chanzo kilikuwa nje ya uwezo wako, na hapa unataja waziwazi kupoteza kazi, kuporomoka kwa biashara, ugonjwa wa ghafla, kifo, talaka, wizi wa utambulisho, na hata mtu kutumbukizwa na wakopeshaji wanyonyaji. Lakini unaongeza sharti kwamba katika mazingira hayo ulitenda kama mtu anayewajibika. Unaangalia kama umepata ushauri wa fedha kutoka chombo kinachoaminika, kwa mfano mashirika ya ushauri yasiyotafuta faida, na kama kuna dalili kwamba tatizo linadhibitiwa. Unaangalia kama umeanza kulipa kwa nia njema na hujaacha njiani. Na kama unabisha kwamba deni si lako, unaruhusiwa kubisha, mradi uwe na msingi wa maana na uonyeshe nyaraka.

Sharti lile la kutenda kama mtu anayewajibika ndilo linalowaangusha wengi. Mtu alipoteza kazi mwaka 2020, jambo ambalo hakuna mwamuzi atakayemlaumu kwalo, lakini alipopata kazi nyingine alikaa miaka mitatu bila kumpigia simu mdai hata mmoja. Anapoulizwa kwa nini, anajibu kwamba alisikia deni likitimiza miaka saba linafutika. Ni kweli kwamba kwa sheria ya taarifa za mikopo deni nyingi huondolewa kwenye taarifa baada ya miaka saba. Hata hivyo, waamuzi wamesema mara nyingi kwamba kusubiri deni lizeeke si sawa na kulishughulikia.

Kubwa kuliko yote ni kuficha. Kwetu deni ni aibu, na mtu yuko radhi ajinyime chakula kuliko majirani wajue kwamba anadaiwa. Tabia hiyo akiihamishia kwenye fomu, anajiangamiza. Akiruka swali kwa makusudi, suala linatoka Mwongozo F na kuingia Mwongozo E, unaohusu uaminifu wa mtu mwenyewe, na kusema uongo kwenye fomu ya serikali kuu ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Mpekuzi ataiona taarifa yako ya mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, mashirika matatu yanayokusanya kumbukumbu za mikopo ya watu, kwa hiyo unamficha mtu ambaye tayari anayo karatasi mkononi. Tumezoea kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa, lakini mbele ya mpekuzi dawa huanzia kwenye kulitaja.

Dada wa Chumbageni:

Kaka Karani, ahsante sana kwa uzi huu. Mimi ni mhasibu na nimepata nafasi katika wizara moja ya serikali kuu. Miaka minne iliyopita nilimdhamini binamu yangu akakopa gari. Alilipa kwa muda, kisha akahamia jimbo lingine na kuacha kulipa. Gari likachukuliwa na kupigwa mnada, na sasa kampuni ya mkopo inanidai dola 9,400 zilizobaki. Gari sikuliendesha hata siku moja. Je, nalazimika kuliandika deni hilo wakati kila mtu katika ukoo anajua si langu? Aidha, kila mwezi namtumia mama dola 400. Je, hilo nalo litanihesabiwa?

Karani wa Fomu:

Dada yangu, pole. Unalazimika kuliandika. Fomu yenyewe, inapouliza kuhusu madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120, inasema ujumuishe yale ambayo wewe ni mdaiwa peke yako na yale ambayo wewe ni mdhamini. Pia kuna swali la pekee kuhusu mali iliyochukuliwa na mkopeshaji. Ukoo wako unajua ukweli wa moyoni, lakini saini iliyoko kwenye mkataba ni yako, na mbele ya sheria mdhamini ni mdaiwa.

Habari njema ni kwamba maelezo yako yana nguvu, ikiwa utayaambatanisha na vitendo. Iandikie kampuni ile uombe hesabu kamili ya mnada: gari liliuzwa kwa kiasi gani, gharama zipi ziliongezwa, na ulitumiwa taarifa ya mnada lini. Wakati mwingine hesabu hizo zina makosa, na hapo una haki ya kubisha kwa maandishi. Zikiwa sahihi, omba mpango wa malipo unaoumudu, hata kama ni dola 150 kwa mwezi, kisha utunze kila risiti. Ukipatana nao walipwe pungufu na kusamehe sehemu iliyobaki, watakutumia fomu ya 1099-C, na kwa kawaida kiasi kilichosamehewa huhesabiwa kuwa kipato chako. Usipokiingiza kwenye ritani ya kodi utakuwa umeondoa deni moja na kuzaa lingine kwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu.

Nakuomba sana ujiepushe na kampuni za kibiashara zinazotangaza redioni kwamba zitapatana na wadai wako. Nyingi humshauri mteja aache kulipa kabisa ili wadai walegee, na wakati huo taarifa yake ya mikopo inazidi kuchafuka, tena kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kuhusu mama, kumsaidia si kosa. Ndugu walioko nje na fedha unazowatumia huangaliwa zaidi chini ya Mwongozo B, kuhusu ushawishi wa nchi za nje, na wapekuzi wanajua vizuri kwamba wahamiaji husaidia wazazi. Yataje yote waziwazi. Upande wa fedha, swali litakuwa moja: je, baada ya kumtumia mama, bili zako za huku zinalipika? Waamuzi wanaweza kukuomba ujaze mchanganuo wa mapato na matumizi ya mwezi, kwa hiyo uandae mapema, na dola 400 za mama ziwemo.

Hoja Nzito:

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote naomba nitofautiane na mleta uzi. Huu ni mfumo unaomwadhibu maskini kwa umaskini wake. Ana Montes, aliyekuwa mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi na kukamatwa Septemba 2001 kwa kuifanyia kazi Cuba, hakuwa akilipwa mshahara wa ujasusi. Alisukumwa na itikadi, na pengine taarifa yake ya mikopo ilikuwa safi kuliko ya sisi sote hapa. Wakati huohuo, mtoto wa mhamiaji aliyelazwa hospitalini bila bima anaitwa hatari kwa usalama wa taifa. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunakubali. Lakini tangu lini bili ya hospitali ikawa harusi?

Karani wa Fomu:

Ndugu Hoja Nzito, sehemu ya hoja yako naikubali. Mamilioni ya Wamarekani wanadaiwa na hawajawahi hata kuota kuuza siri. Deni peke yake ni kipimo dhaifu cha usaliti, na mfano wa Montes ni sahihi: hakuna mwongozo wa fedha ambao ungemnasa. Lakini kumbuka kwamba Mwongozo F haumtazami mdaiwa peke yake. Unataja pia utajiri usioelezeka, na hapo ndipo Ames alipaswa kukamatwa mapema, kwa maana nyumba na gari vilikuwa hadharani kwa miaka mingi huku mshahara wake ukijulikana. Waliomzunguka walikuwa na macho; hawakuuliza.

Unachopaswa kujua, upende usipende, ni msimamo wa sheria. Mwaka 1988, katika shauri la Idara ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali, na kwamba panapokuwa na shaka uamuzi uegemee upande wa kunyima. Kwa hiyo mwombaji hawi kama mshitakiwa anayehesabiwa hana hatia hadi ithibitike. Mzigo wa kujieleza uko kwake. Mimi nauona ni ukali, hasa kwa bili za matibabu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 mashirika yale matatu yaliacha kuonyesha bili za hospitali zilizo chini ya dola 500, lakini fomu haiulizi kilichomo kwenye taarifa zao. Inauliza kilichotokea kwako.

Msukani Ohio:

Shikamoo wakubwa. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, nimejiajiri, na mdogo wangu amenishawishi niombe kazi ya usafirishaji katika kampuni inayolihudumia jeshi. Sina deni la benki hata moja. Tatizo langu ni kwamba kwa miaka miwili sikupeleka ritani ya kodi, kwa sababu mwaka wa kwanza nilipiga hesabu nikaona nadaiwa nyingi, nikaogopa. Je, hili nalo linaingia kwenye madeni?

Karani wa Fomu:

Marahaba, mdogo wangu. Linaingia, na kwa maoni yangu ni zito kuliko deni la benki. Kushindwa kupeleka ritani au kulipa kodi kumetajwa peke yake ndani ya Mwongozo F, na fomu inauliza swali hilo kwa miaka saba iliyopita. Waamuzi wanalikazia kwa sababu iliyo wazi: anayetaka kuaminiwa na serikali amekiuka wajibu wa msingi kwa serikali hiyohiyo.

Hali yako inawakumba madereva wengi. Aliyeajiriwa hukatwa kodi kila mshahara bila kufikiri, lakini aliyejiajiri hupokea malipo yote, akalipia mafuta, matairi na bima, kisha mwezi Aprili anakuta anadaiwa kodi ya mapato pamoja na ile ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Asipokuwa ametenga kitu kila robo mwaka, anakosa pa kushika.

Kisheria, kukosa fedha za kulipa kodi na kutopeleka ritani ni mambo mawili tofauti, na faini ya kutopeleka kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kuchelewa kulipa. Peleka ritani zote mbili hata kama huna senti. Kisha omba IRS mpango wa kulipa kwa awamu. Mwongozo F unatambua waziwazi mtu aliyefanya mpango na mamlaka ya kodi na anaufuata. Tena fanya hivyo kabla hujajaza SF-86. Waamuzi hawavutiwi sana na mtu aliyekumbuka kodi siku kazi ilipokuwa hatarini, na miezi kadhaa ya malipo yaliyonyooka husema zaidi kuliko barua ya kuahidi.

Jambo la pembeni kwenu nyote: mwenye akaunti za benki nyumbani ambazo salio lake kwa jumla limewahi kuzidi dola 10,000 katika mwaka anapaswa kuziripoti kwa Wizara ya Fedha ya Marekani, hata kama fedha hizo ni za kujengea nyumba Kibaha au Kitengela. Na SF-86 ina sehemu yake inayouliza mali zilizoko nje.

Sajini wa Kagera:

Ndugu Karani, mimi niko jeshini na kibali cha ngazi ya Siri tayari ninacho. Mwaka jana nilitalikiana, na tangu hapo kadi mbili za mkopo zimenishinda. Moja imechelewa siku 90. Mwenzangu kambini amenishauri ninyamaze hadi kibali kitakapofanyiwa mapitio, ambayo kwa ngazi yangu ni baada ya miaka kumi. Nini maoni yako?

Karani wa Fomu:

Mwenzako anazungumzia utaratibu uliokwisha kupitwa. Zamani mapitio yalifanyika kila baada ya miaka mitano kwa ngazi ya Siri Kuu na kila baada ya kumi kwa ngazi ya Siri. Tangu mwaka 2021 watumishi wote wa Wizara ya Ulinzi wenye vibali wako chini ya ufuatiliaji endelevu, ambapo mifumo ya kompyuta huangalia taarifa za mikopo na kumbukumbu nyingine bila kusubiri mwaka wa mapitio. Pia agizo la SEAD 3 linamtaka mwenye kibali aripoti mwenyewe anapofilisika au anapokuwa na deni lolote lililochelewa zaidi ya siku 120. Wewe uko siku ya 90, kwa hiyo una mwezi mmoja wa kulitengeneza jambo kabla halijawa ripoti ya lazima. Ukilipeleka wewe kwa afisa usalama wa kikosi chako, linasomeka kama mtu aliyetalikiwa na anajipanga. Likipelekwa na kompyuta, utaanza kwa kueleza kwa nini ulinyamaza.

Ukiwa mwanajeshi una kinga ambazo raia hana, na nashangaa ni wangapi hawazitumii. Kwa deni ulilolichukua kabla ya kuingia jeshini, sheria inakuruhusu kuomba riba ishushwe hadi asilimia 6 wakati ukiwa kazini. Mikopo mingi mipya kwa wanajeshi walio kazini nayo hairuhusiwi kuvuka asilimia 36 kwa mwaka, kwa hiyo duka la mikopo nje ya geti likikutoza zaidi, ondoka na uulize. Kambini kuna washauri wa fedha wasiolipisha. Barua yao kwamba umehudhuria na mna bajeti ni nyaraka halali.

Dada wa Chumbageni:

Kaka, swali la mwisho. Nikifanya yote uliyoeleza na bado wakakataa, ndiyo basi?

Karani wa Fomu:

Hapana. Kabla ya kunyimwa utaletewa hati ya sababu, inayotaja deni moja moja. Wewe unayeenda wizarani utafuata utaratibu wa wizara hiyo, kwa hiyo soma barua yao kwa makini na usiipuuze tarehe iliyoandikwa. Kwa wenzetu wa kampuni zenye mikataba na Wizara ya Ulinzi, muda wa kujibu ni siku 20 tangu kupokea, na katika majibu hayo mtu anachagua kama anataka uamuzi wa maandishi tu au kikao mbele ya jaji wa utawala wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri ya vibali. Mimi huwashauri wachague kikao wakiweza, kwa sababu jaji akimwona mtu na kumsikia anaelewa tofauti ya binamu aliyetoroka na mdaiwa mzembe, jambo ambalo karatasi hulieleza kwa shida. Jibu kila kipengele peke yake, ukikubali unachodaiwa na kukanusha usichodaiwa, na kila jibu liambatane na risiti, barua ya mdai au ukurasa wa taarifa ya mikopo. Hukumu za DOHA zimewekwa wazi mtandaoni bila majina ya wahusika; soma kumi za Mwongozo F, tano za walioshinda na tano za walioshindwa, kabla hujaandika neno lolote. Na anayeshindwa hata kwenye rufaa ya DOHA anaruhusiwa kuomba upya baada ya mwaka mmoja, ikiwa mwajiri bado anamtaka, kwa hiyo malipo ya dola 150 yasikatike katika kipindi hicho.